Dereva Aliyekuwa Akiombewa na Bibi

Mwanangu Minza,

Umetoka na baba yako kwenda kuaga kanisani, na Bibi amejinyoosha kidogo chumbani kwake. Nimepata nafasi ya kukaa mezani peke yangu. Kesho unapanda basi kwenda chuoni, na tangu Jumapili hujaongea na mimi kwa sauti yako ninayoijua. Unaniamkia, unaosha vyombo, ukiulizwa unajibu. Basi. Habari za mashuka, ndoo, soksi nyeupe na viatu vya zamu sitaziandika, maana umeshafungasha, na ulichosahau utakinunua hukohuko. Naandika kwa sababu uliniuliza swali mbele ya watu wote nikashindwa kufungua mdomo.

"Mama, ulijua?"

Nilijua. Nilijua kabla hujazaliwa.

Ulikuwepo pale mezani, lakini sidhani kama uliona nilichokiona mimi. Tulikuwa tumemaliza kula. Bibi alisimama akuombee safari, akaomba kwa Kisukuma kama kawaida yake, akautaja mkono wako, macho yako, wagonjwa utakaowashika. Halafu akaongeza lile ombi lake ambalo sote tumelizoea, la yule dereva wa lori aliyemgonga mjomba wako akakimbia. Tangu tukiwa na nyumba Mhunze, Bibi hajawahi kufunga sala bila kumwombea huyo dereva. Kwamba popote alipo asamehewe, na watoto wake wasilipizwe. Mimi nilikuwa nimefumba macho nikisubiri amina. Badala yake nikasikia magurudumu ya kiti cha Mjomba Mabula yakisogea kwenye sakafu.

"Mama," alisema, "usimwombee tena. Hakuna dereva."

Bibi alidhani ni utani. Alitabasamu kabisa. "Hakuna vipi?"

"Hakuna lori, mama. Sikugongwa. Niliangukiwa na duara Nyarugusu. Nilikuwa nachimba dhahabu."

Wewe ukanigeukia mimi. Hukumtazama mjomba, hukumtazama Bibi, ulinigeukia mimi, kwa kuwa ulikumbuka kwamba mimi ndiye niliyekuwa mwanafunzi katika hospitali aliyolazwa. Hilo tu lilinishtua, kwamba akili yako imeshaanza kufanya kazi kama ya muuguzi. Na Bibi akafuata macho yako. Sijawahi kutazamwa na mama yangu namna ile. Alikaa chini, akaifunika sahani yake kwa mkono kama mtu anayezuia nzi, na tangu saa ile hakunisemesha mpaka leo asubuhi. Nitakufikisha huko.

Ngoja nikueleze kuanzia mwanzo.

Mimi sikwenda chuo cha uuguzi kwa wito, ingawa hivyo ndivyo nilivyowaambia walionifanyia usaili. Nilikwenda kwa sababu kaka yangu Mabula alikuwa ameshatangulia chuo cha ualimu, na mimi sikutaka kubaki nyuma nikichunga ng'ombe na kuvuna pamba. Mabula ndiye aliyekuwa nyota ya nyumba yetu. Babu yako alikuwa akimtaja kwa wageni kabla hajawakaribisha maji. Nami nilifikiri kusoma ni kule alikokuwa akifanya Mabula nilipokuwa mdogo, kutembea uani na daftari ukiimba maneno mpaka yakae.

Basi nikaimba. Niliimba mifupa, nikaimba misuli, nikaimba dalili za magonjwa. Siku ya kwanza ya mazoezi ya vitendo mkufunzi aliniambia nimpime mapigo ya moyo mwenzangu Sado, binti niliyekuwa nalala naye chumba kimoja. Nilijua jina la mshipa, najua unapopita, ningeweza kuuchora ubaoni. Nikaushika mkono wa Sado mpaka akaniuliza kwa upole, "Dada, mimi nimekufa?" Darasa likacheka, nami nikacheka, lakini ndani nilipigwa na butwaa. Nilikuwa na kila kitu kichwani na vidole vyangu havikujua kitu. Tangu siku hiyo nilisoma nikishika. Jioni Sado analala kitandani kama maiti, namtafuta mfupa huu na ule, naye ananisahihisha. Nakushauri utafute Sado wako mapema. Wasomaji wa peke yao wengi nimewaona wakifika wodini wanatetemeka.

Kilichonishinda hasa ni hesabu za dawa. Wewe hesabu unazipenda, huenda zisikusumbue. Mimi nilizidharau. Nikaweka nukta mahali pasipo pake kwenye mtihani, dozi ya mtoto ikawa mara kumi. Mkufunzi hakuandika kosa. Alichora msalaba mdogo pembeni ya jibu langu, kama ule wa kaburini. Niliutazama ule msalaba mchana kutwa. Nikapata sapu, yaani kurudia mtihani, nikaambiwa nikishindwa tena ninadisko, narudi nyumbani moja kwa moja.

Sikumwambia mtu nyumbani. Babu yako akipiga simu akiuliza masomo, namjibu yanakwenda vizuri. Ningesemaje, wakati Mabula anamaliza ualimu kwa sifa?

Nikiwa katika hali hiyo tulipelekwa hospitali moja huko Geita kwa mafunzo ya wodini. Sista aliyetusimamia alikuwa mwanamke mfupi, mkimya, aliyekuwa akitusahihisha kwa kutushika kiwiko tu. Nilimwogopa kuliko wakufunzi wote, maana hukujua ameona nini. Asubuhi moja, wakati tunatandika vitanda, ikaja pikapu imebeba watu kutoka Nyarugusu. Duara limekatika, wakasema. Duara ndilo shimo lenyewe la kuchimbia dhahabu. Wengine walikuwa wamelazwa juu ya mlango uliong'olewa. Wote walikuwa rangi moja, rangi ya udongo, hata usijue huyu kijana au mzee. Sista akatugawa. Mimi nikaambiwa nichukue beseni na vitambaa, nisafishe nyuso, na kwa anayeweza kusema niulize jina.

Niliyempata wa tatu au wa nne alikuwa amefumba macho. Nikamuuliza, "Kaka, unaitwa nani?"

"Juma," akasema.

Nikaanza kumfuta paji la uso. Udongo ulikuwa mzito, maji yakawa mekundu mara moja. Nikateremka kwenye nyusi. Chini ya nyusi ya kushoto kuna kovu, Minza, unalijua, la pembe ya ndama. Nilikuwepo siku ndama yule alipomrusha. Mkono wangu uliendelea kufuta wakati mimi mwenyewe nimeshasimama. Sijui kama nimeeleza vizuri. Nilikuwa nauona mkono wangu unafanya kazi, na mimi siko.

Akafumbua macho. Alikuwa ameshanitambua kwa sauti, ndiyo maana alijiita Juma.

"Usimwambie mayu," akasema. Hakusema anaumia, hakuomba maji. Usimwambie mama, basi.

Nilikwenda kwa Sista nikamwambia, "Yule pale ni kaka yangu. Yuko chuo cha ualimu." Nilisema hivyo, kwamba yuko chuo, wakati namwona amelala pale na tope masikioni. Sista akakichukua kile kitambaa mkononi mwangu. Akaniambia, "Kakae kwenye benchi. Kwa sasa wewe ni ndugu wa mgonjwa." Nikakaa. Kutoka pale niliweza kuona wakimgusa nyayo, wakimwambia achezeshe vidole vya miguu. Nilitazama vile vidole kwa roho yangu yote. Havikucheza. Na mimi nilikuwa nimeshasoma maana yake. Ndugu wengine waliokuwa kwenye benchi walikuwa wanaomba Mungu, wanauliza atapona lini. Mimi nilikuwa najua jambo ambalo Mabula mwenyewe alikuwa bado hajalijua. Hakuna mtu aliyeniambia kwamba kusoma uuguzi kutanifanyia hivyo, kwamba siku moja nitawatazama watu wangu nikaona kinachokuja kabla yao. Wewe nakuambia leo. Litakukuta, sina dawa yake.

Alipotulia siku zilizofuata alitueleza mimi na Sista. Alikuwa ameshadisko zamani. Alifeli, akarudia, akafeli tena, akaondoka chuoni na begi lake akaogopa kwenda nyumbani. Kila alipofikiri namna atakavyomwambia baba, miguu ilikataa. Akaingia machimboni ili apate cha kurudi nacho. Simu zote za nyumbani alizijibu akiwa pembeni ya mashimo. Babu yako alipomuuliza wanafunzi wa mazoezi ya kufundisha wana tabia gani, alimtungia majina yao.

Nilimsikiliza huku nikiiwaza sapu yangu. Ilikuwa kama anasimulia habari zangu mimi. Tofauti yetu ilikuwa muda tu.

Kisha akasema, "Wakija, nitawaambia nimegongwa na lori. Msiseme ya machimbo." Nikataka kubisha. Sista akanishika kiwiko, akanitoa nje hadi kwenye korido.

"Ungeyasikia hayo nyumbani kwenu, ningekwambia amua mwenyewe," alisema. "Umeyasikia ukiwa umevaa sare. Hayo ni ya mgonjwa, si yako."

"Lakini ni mama yangu, Sista."

"Najua."

Alirudi wodini akaniacha nimeegemea ukuta.

Babu na Bibi walikuja kutoka Mhunze wakiwa wamevaa nguo za kanisani. Mabula akawaambia habari ya lori. Bibi akanitazama mimi niliyevaa sare, akauliza, "Ndivyo ilivyokuwa?" Nikamjibu, "Ndivyo alivyoeleza." Alilipokea jibu langu kama ushahidi. Niliona lilivyoingia na lilivyotua, na sikuwa nimesema uongo.

Minza, kama ningekuambia kwamba nililala salama kwa kuwa nilitii kanuni, ningekudanganya. Babu yako alihangaika kwenye vituo vya polisi akimtafuta dereva ambaye hakuzaliwa. Alikuwa akirudi amechoka, viatu vimejaa vumbi, akikaa kando ya kitanda cha Mabula akimwambia, "Nitampata tu." Nilimfuata Mabula mara nyingi nikamsihi. Mwanzo alisema baada ya mavuno. Halafu baada ya ugonjwa wa baba kupungua. Mwishowe akamwambia babu yako, "Baba, tumsamehe tu huyo dereva." Babu akaliona hilo kuwa jambo kubwa sana, akalisimulia kanisani, na hapo ndipo Bibi alipoanza sala yake. Babu alikufa akijua ana mtoto mwenye moyo wa kusamehe. Nilisimama kaburini nimemshika Mabula bega, na hatukuweza kutazamana.

Kwa hiyo ukiniuliza kama nilifanya sawa, sijui. Nimeuguza watu miaka yote hii Geita, na sasa hapa Runzewe, bado sijui. Najua kitu kimoja tu nilichokiona kwa macho yangu. Wachimbaji huja kituoni kwetu na mambo ambayo wake zao hawayajui, na wake zao huja na yao. Binti huja akiwa ameshikwa mkono na mama yake, akaniomba kwa macho nimtoe mama nje. Wananiambia kwa sababu hakuna aliyewahi kuyasikia ya mwenzake kupitia kwangu. Siku utakapopeleka maneno ya wodini bwenini, hata kwa mzaha, hata bila kutaja jina, wagonjwa watalijua. Sijui wanajuaje, lakini watalijua, nao watakuambia kichwa kinauma na kuondoka na kilichowaleta.

Nami nikuambie nilivyofanya kuhusu sapu yangu. Siku ile Mabula alipotueleza, nilitoka nyuma ya jengo la kufulia nikampigia babu yako. Nikamwambia, "Baba, nimefeli hesabu za dawa. Nikifeli tena wananirudisha." Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Nikasikia kengele za ng'ombe. Kisha akauliza, "Sasa unakula?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Kula, halafu urudie kusoma. Ukirudishwa, nyumba ipo." Nikalia nikiwa nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kilichonivunja zaidi kilikuwa kujua kwamba hata Mabula angejibiwa hivyohivyo. Maneno hayo yalikuwa yakimsubiri nyumbani muda wote aliokuwa akichimba.

Sado alinifundisha zile hesabu upya, kwa maharage. Tuliyapanga mezani, maharage kumi, maharage mia, mpaka nukta ikapata maana machoni pangu. Nilifaulu kwa alama za kawaida tu. Mpaka leo, dozi ya mtoto naihesabu, naifunika, naihesabu tena, halafu namwita mwenzangu anihesabie bila kumwonyesha jibu langu. Wauguzi vijana hunicheka. Waache.

Nawe ukifeli kitu, na karibu kila mtu hufeli kitu, nipigie. Ukizimia wodini, mimi nilizimia nilipoona uzazi wa kwanza, nikaangukia toroli la vifaa. Ukimwosha marehemu wa kwanza na ukaona bado ana joto, utashtuka. Zungumza naye tu kama alivyokuwa hai, mikono itatulia. Kama siku moja ukaona uuguzi haukufai kabisa, sema. Ukija mlangoni na begi lako bila cheti, nitakupokea begi. Sitaki unitungie majina ya wanafunzi.

Sasa ya leo.

Asubuhi nilikuwa zamu ya wagonjwa wa nje. Nilipoinua kichwa kuita anayefuata, aliyefuata alikuwa Bibi. Alikuwa amepanga foleni tangu mapema, katikati ya akina mama wenye watoto, amevaa kitenge chake cha safari. Watu wangempisha kama wangejua ni mama yangu. Hakuwaambia.

Nikamwamkia, "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimekuja kupima presha."

Nikamfunga kile kitambaa cha kipimo mkononi. Mikono yangu ilikuwa ya baridi mpaka aliguna. Presha ilikuwa juu kidogo. Nikamwambia apumzike tutapima tena, na nilipogeuka kumpa nafasi akasema, "Funga mlango."

Nikafunga. Nikajiandaa kuulizwa juu ya Mabula, na kulaumiwa kwa ajili ya baba. Nilikuwa na jibu langu, nimelibeba tangu Jumapili.

Hakuuliza. Alisema, "Yule alikukataza, na wewe ulinyamaza. Mimi mama yako nilikuwa nalala chumba cha pili, na ulinyamaza."

"Ndiyo, mama."

"Hata baba yako alipokuwa akihangaika."

"Ndiyo."

Alikaa akitazama ukuta, pale lilipobandikwa bango la chanjo. Kisha akaanza kusema. Aliniambia jambo lake mwenyewe, la zamani sana, la tangu hajawa mama wa mtu. Hajawahi kumwambia babu yako, wala mchungaji. Alilisema taratibu kwa Kisukuma, bila kulia, kama mtu anayeteremsha mzigo akiogopa usipasuke. Mimi nilikuwa nimekaa mbele yake na kalamu mkononi, sijaandika kitu. Nimemjua mwanamke huyu tangu nizaliwe, Minza. Nimekula mkononi mwake. Sikuwa namjua.

Alipomaliza nikampima tena. Presha ilikuwa imeshuka. Akajifunga kitenge vizuri, akasimama, akafungua mlango mwenyewe. Pale mlangoni, mbele ya foleni yote, akageuka akaniuliza, "Sista, dawa zinachukuliwa dirisha gani?"

Hajawahi kuniita hivyo. Nikamwonyesha dirisha.

Alichoniambia sitakuandikia. Mjomba wako hakijui na hatakijua kutoka kwangu. Kesho ukiwa unamuaga Bibi stendi utamwona kama ulivyomwona siku zote, na pengine utanitazama tena kama ulivyonitazama Jumapili, ukitaka kujua kama najua. Ndiyo, mwanangu. Najua. Nenda kasome.

Ni mimi mama yako, ambaye mlango wake haufungwi kwa aliyefeli.